Sufu Ndani ya Kasha la Spika

Makasha mawili ya spika niliyatengeneza kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yetu ya mbao, West Side, Buffalo, Marekani, kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Kwaya ya kanisa letu huko milimani, Kivu ya Kusini, ilirekodiwa kwenye kaseti kabla hatujakimbia. Mama alikuwemo, akiimba alto. Alifia kambini, na sauti yake nyingine hatuna. Dada yangu anayeishi Columbus ndiye aliyeitunza kaseti ile. Akaipeleka kwa fundi ikahamishiwa kwenye simu, akatutumia mimi na kaka yetu mkubwa wa Louisville.

Kwenye simu walisikika kama watu wanaoimba ng'ambo ya bonde. Nikasema nitautengenezea wimbo huo spika zake.

Mbao zilikaa sawa. Kazi ya kiwandani Tonawanda imenizoesha vipimo. Lakini nilipowasha, besi za wanaume zilivuma kama mtu anayesemea ndani ya pipa, zikawameza wanawake wote. Nikampigia kaka, ambaye kwa lugha ya kwetu namwita yaya. Kambini yeye ndiye aliyekuwa akiunda spika za kanisa.

"Yaya, inavuma sana."

"Umeweka nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Bon, ndiyo maana. Sauti inapiga mbao ya nyuma, inarudia. Tafuta kitu ya kuimeza."

Nikabandika sponji ya godoro kuukuu. Mvumo ukapungua kidogo tu. Nikajaribu ile pamba ya njano wanayotia ndani ya kuta kuzuia baridi. Ikaniwasha mikono, na mke wangu akakataa isiingie sebuleni. Mwisho nikapasua mito, nikashindilia nyuzi zake hadi pomoni. Mvumo ukaisha, na uhai ukaisha pia. Kwaya ikawa kama inaimba imejifunika shuka.

"Umejaza sana, donc umeua na ile muzuri," kaka alisema. "Siye kambini tulikuwa tunaweka blanketi ya sufu, ile nzito ya kwetu. Funika mbao tu, katikati acha ipumue."

Blanketi nililipata kwenye duka la mitumba, barabara ya Bailey. Nililitambua kwa mkono kabla ya macho: zito, lenye kukwaruza. Nikasimama pale katikati ya makoti ya watu nikiwa nimeliegemeza shavuni. Asubuhi za kwetu zilikuwa na ukungu na baridi, na mama alitufunika sisi watatu kwa blanketi moja kabla hajatoka kukamua ng'ombe. Muuzaji aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ninalichukua.

Nilipopata likizo niliyapakia makasha garini, nikaenda Columbus. Kaka naye akaja kutoka Louisville. Hatukuwa tumeketi sebule moja tangu mazishi ya mama. Tukala, tukaomba, nikawasha.

Safari hii wanaume walibaki mahali pao, na nyuma yao ikatoka alto ya mwanamke mmoja, kavu kidogo, ikichelewa mwishoni mwa kila mstari.

"Ni yeye!" Dada akashika kifua.

Kaka akatikisa kichwa polepole. "Hapana. Ile ni mama mudogo. Mama hakukuwa anachelewa."

"Alikuwa anachelewa! Siye tulikuwa tunasimama naye, wewe ulikuwa na wanaume."

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa mtoto wakati ule. Mikono ya mama naikumbuka, sauti sina. Nikasema ni yeye, kwa kuwa nilitaka awe yeye. Kaka hakubisha tena. Alivuta kiti karibu na kasha, akainamisha kichwa, akasema, "Rudisha."

Niliwaachia makasha Columbus. Njiani kurudi Buffalo nilijaribu kuimba ile alto peke yangu. Mstari wa kwanza niliuweza. Wa pili ukanipotea, nikauanza upya, mpaka theluji ilipoanza kuanguka nikalazimika kuangalia barabara.