Polycarpe alifunga kishimo ya mu telefone

Polycarpe, kama unamuona mu barabara ya Kolwezi, utasema ni mutu wa kanisa. Shemishi safi, sauti ya chini, "Bonjour mama, bonjour tata." Ngoja umupe telefone.

Ye na Kalumba, Glodi na Séraphin balikuwaka équipe moya ya bacreuseurs, bachimbaji ba mukono ba cobalt, karibu na mugodi ya Mashamba. Kisha bei ya cobalt ikaanguka, basoda bakakuya na bunduki kufukuza batu ku mashimo, na équipe ikapasuka. Kalumba na bibi yake Huguette bakahamia Fungurume. Séraphin akaenda Sandoa kulima mihogo. Glodi na Polycarpe bakabakia hapa, kazi yao kuikala mbele ya nyumba yangu.

Ni Glodi njo alileta ile jeu, muchezo ya mu telefone. Kila mutu anaingia na telefone yake, munakutana bote mu inchi moya: munachimba, munajenga, munatafuta mali chini ya udongo, na munasikilizana sauti. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

"Balibafukuza ninyi ku mashimo ya kweli, sasa munanunua mégas ya internet juu ya kuchimba mashimo ya uongo?"

"Yaya," Glodi akasema, sawa vile bananiitaka juu mi mukubwa wao, "huku hakuna soda wa kutufukuza."

Basi kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa, bote beko humo. Séraphin anatoa habari ya mihogo, Kalumba habari ya batoto. Haikuwa kucheza sana. Ilikuwa njia yao ya kuonana.

Polycarpe peke yake njo hakutafutaka mali. Ye alitafutaka kuharibu. Unajenga nyumba, ye anaitia moto. Unavuka daraja, ye anaivunja mbele ufike. Batu ba mbali, ba Kinshasa, ba Lusaka, banamutukana kila mutu na luga yake, ye anacheka.

Nikamuuliza, "Unakula nini humo?"

"Kicheko, yaya. Sasa hivi njo chakula yenye haijapanda bei."

Équipe ilimuvumilia, juu hata kule ku kishimo ya kweli ye njo alikuwa wa kuchekesha. Lakini kule kulikuwa sheria: mwenye kusimama pa mulango ya kishimo hachekeshake. Ye njo anashika kamba. Ye njo anaitika kama mwenye kuwa chini anaita. Polycarpe njo alikuwaka pa mulango, na pale alikuwa mutu mwingine kabisa. Siku udongo ilimwangukia Kalumba, Polycarpe alichimba na mikono mpaka makucha ikatoka, akamutosha muzima.

Sasa siku ile ya Mungu, nilikuwa pembeni yao. Mu jeu, Kalumba alikuwa ameingia chini sana, mu njia ya kubana.

"Bandugu, nimeona mali! Mukuye mbio!"

Polycarpe akanikonyezea jicho. Akaenda pa mulango ya ile kishimo, akaanza kurudisha udongo. Pa, pa, pa. Kwa Kalumba écran ya telefone ikakuwa giza.

"Nani eko pa mulango?"

Polycarpe akabana kicheko.

"Polycarpe? Ni we? Fungula."

"Niite chef kwanza!"

"Fungula, mwana, fungula..."

"Sijasikia chef!"

Halafu tukasikia kintu yenye haikuwa jeu. Pumuzi. Pumuzi ya mutu mwenye kutafuta hewa. Kalumba akaanza kuita mama yake, mwenye alikufaka zamani. Kintu ikaanguka, kisha sauti ya Huguette:

"Tata Glodi? Amekimbia inje, anajikwaruza shingo! Munamufanya nini bwana yangu?"

Telefone ikakatika.

Polycarpe akaangalia bidole byake. "Mi njo nilikuwa pa mulango," akasema, sawa vile anaambia mutu mwingine.

Kutoka Sandoa, sauti ya Séraphin ikasema neno moya tu: "Glodi, mutoshe mu équipe." Glodi akamutosha. Polycarpe hakubishana.

Kalumba hakupokea tena telefone ya Polycarpe. Kwetu haulombake musamaha peke yako na mikono mitupu: unabeba kuku, unabeba na mukubwa. Kuku alikuwa mwembamba, na mukubwa nilikuwa mi. Mi na Polycarpe tukapanda camion, tukaenda Fungurume.

Huguette hakupokea kuku. Kalumba alikuwa ameikala katikati ya mulango, nusu mu nyumba, nusu inje.

"Tangu siku ile hatufunge mulango," Huguette akasema. "Analala hapo. Benye kuiba bote ba Fungurume banatupenda."

Polycarpe akapiga magoti mu vumbi na shemishi yake safi.

"Kalumba, nilisahau ile siku ya udongo."

"Séraphin angesahau, ningesema basi. We ulikuwa pale."

"Nilizani ni bya kucheza."

"Mi sikuona kucheza. Nilikuita, na haukuitika."

Polycarpe akasukuma kuku karibu na miguu ya Kalumba.

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Huguette, pokea kuku. Tutakula. Tutasalimiana mu barabara. Lakini pa mulango yangu, nitaweka mutu mwingine."

Tukakula bukari, ugali ya kwetu, na ile kuku. Kalumba akamupa Polycarpe kipande kizuri, na Polycarpe alikitafuna muda murefu sawa mutu mwenye kutafuna kitambaa.

Sasa kila siku ya Mungu Glodi anacheza tena mbele ya nyumba yangu, na Kalumba anasikika mu telefone, anacheka. Polycarpe anapita upande ingine ya barabara. Namuita:

"Polycarpe! Kuya uikale na siye!"

"Yaya, batterie ya telefone yangu imekufa."

Na mi sikumulomba telefone.