Paa la Fundi Mwenyewe

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Jinja, nilimkuta Haji mmoja wa Mafubira akipatana bei na fundi wa kuezeka. Mafundi wawili alishawafukuza kwa kuwa ghali. Huyu wa tatu alikubali nusu ya bei yao bila kubisha, na Haji akamshika mkono kwa furaha.

"Na nyumba yako kule mlimani Wanale," akamuuliza, "uliiezeka lini?"

"Ile sikuezeka mimi, Haji. Niliita fundi mmoja Mkenya. Yeye ni ghali, lakini kule kwetu mvua inashuka pamoja na mlima."

Haji akauachia mkono. "Kwani Mafubira hakuna mvua?"

"Iko, Haji. Lakini wewe uliuliza bei tu. Mvua hukuuliza."

Haji akakuna ndevu, akatazama mabati, akatazama mawingu mlangoni. Kisha akasema, "Sawa. Basi punguza tena kidogo."

Ukweli kapewa bure, bado akauombea punguzo! Nilicheka mpaka mwenye duka akanigeukia, akaniuliza mimi nimefuata nini. Nikashusha sauti, nikamwambia: mabeseni mawili makubwa, ya kukingia matone sebuleni.