Mwenyekiti Amelala

Kazi inayonilisha ni kuandika mabango. Nikiwa Mikumi naandika majina ya gesti za barabara kuu. Nikirudi nyumbani Magomeni, Kilosa, naandika "Hatukopeshi" kwenye maduka yanayokopesha. Lakini kazi ninayoipenda ni katuni. Picha moja, maneno machache chini, basi. Kila Jumatatu nilibandika moja kwenye ukuta wa kinyozi wetu, na watu walisimama pale kucheka hata kama hawakuwa na nywele za kukata.

Nilimchora mgombea aliyekuja kuomba kura, akachuchumaa na akina mama kupukuchua mahindi mbele ya wapiga picha wake, kisha akauliza hindi linawashiwa wapi. Nilimchora nyani wa Mikumi akimnyang'anya abiria mkate na kumwagiza siagi. Ila niliyemchora kuliko wote ni mwenyekiti wetu wa mtaa. Mungu alimjalia tumbo la kuchorwa, na tabia ya kusinzia kwenye mikutano anayoiendesha mwenyewe.

Hakuwahi kununa. Kila Jumatatu alipita kwa kinyozi, mikono nyuma, akaikagua picha kama anakagua mtaro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umeninyima shingo."

"Sijawahi kuiona, mzee."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akaenda zake ofisini kugonga mihuri. Nilimpenda sana mzee yule. Sikuwahi kumwambia, nilimchora tu.

Katuni ya mwisho nilimchora amelala kwenye kiti chake, macho ameyafumba, mikono juu ya tumbo, na mbele yake foleni ya wananchi wanaotaka barua za utambulisho. Chini niliandika: "Msimwamshe, yuko kwenye kikao." Niliibandika asubuhi na mapema, nikapanda gari la Mikumi kumalizia bango la gesti. Sikujua kwamba jana yake alikuwa amepelekwa hospitali. Alhamisi, nikiwa juu ya ngazi, kinyozi alinipigia simu: mwenyekiti amefariki.

Nilishuka taratibu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, naona aibu kukisema, hakikuwa huzuni. Ilikuwa ile karatasi. Siku tatu mtaa mzima umepita mbele ya picha ya mtu aliyekuwa akifa, amefumba macho, na jina langu pembeni.

Nilipofika Kilosa nilikwenda kwa kinyozi kwanza. Ukuta ulikuwa mtupu.

"Mke wake mwenyewe alikuja kuibandua," aliniambia. "Akaikunja, akaondoka nayo."

Kutokwenda msibani kwa jirani ni kujitoa mtaani. Kwenda ukafukuzwa mbele za watu ni kutolewa. Nilikwenda. Nikapita nyuma ya turubai hadi kwa wanaume waliokuwa wakipasua kuni, nikashika shoka ili nisitazamwe usoni.

Msiba ulikuwa umenuna. Babu yake mwenyekiti alitoka Unyamwezi akaja kufanya kazi ya reli, na katika ukoo wao mtu hazikwi hivihivi. Lazima watani waje, waige mwendo wa marehemu, wamsemeseme, wawalazimishe wafiwa kucheka kidogo. Mtani waliyemtegemea alikuwa bibi mmoja wa Zombo, na mvua ilikuwa imeharibu njia, hata pikipiki hazipiti. Watu walikaa wakisubiri mwili utolewe, na wa kuwachekesha hakuna.

Ndipo nikaitwa ndani. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amezungukwa na wanawake, karatasi yangu ikiwa mapajani mwake, imekunjwa mara nne.

Nilipiga magoti. "Shikamoo mama. Pole sana. Naomba unisamehe, sikujua kama mzee anaumwa."

"Marahaba. Nilimpelekea hospitali, akaiona." Aliikunjua, akailaza mkekani. "Ila mwanangu, umemsingizia."

Nikasogea kuitazama.

"Mume wangu hajawahi kulala kimya hivi hata siku moja. Alikuwa anakoroma mpaka kuku wanaamka bandani. Miaka yote nimelala na mashine ya kukoboa chumbani. Sasa mkoromo uko wapi hapa? Chora."

Niliwatazama wale wanawake. Dada wa marehemu akasema, "Mtani wetu amekwama Zombo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtania. Fanya kazi."

Nikatoa kalamu. Niliandika KRRR ndogo juu ya pua.

"Huyo paka," mjane akasema.

Nikaongeza. Nikaivusha ile KRRR juu ya foleni yote mpaka ukingo wa karatasi, nikawachora wananchi wameziba masikio, na wa mwisho kofia yake imepeperuka. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha ua zima likacheka. Kule nje wanaume wakaacha kupasua kuni, wakasikiliza. Mjane alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani, na kicheko kikageuka kilio kikubwa, ambacho waliniambia alikuwa hajakitoa tangu asubuhi. Nililia naye, nimepiga magoti vilevile, kalamu mkononi.

Alipopata pumzi aliichukua karatasi, akaitazama.

"Sasa ndiye yeye," akasema. "Haya, mtoeni, mkamzike."