Siku Nilipompunguzia Sauti Mgeni Rasmi

Hadi leo nikipita Bunda navuta kofia mpaka machoni, maana kuna watu pale hawalijui jina langu, wananiita "Punguza Sauti", na mkinisikiliza mtakubali kwamba nililitafuta mwenyewe.

Mimi ndiye mkubwa kwetu Mugango. Wazazi walipofariki niliacha shule nikawa fundi redio ili wadogo zangu wasome. Sasa shule ya mdogo wangu Nyanjura, pale Bunda, ikaandaa siku ya wazazi, na wanafunzi wa sayansi wakaambiwa kila mmoja alete kitu alichotengeneza na mzazi wake. Akanipigia simu: "Kaka, wenzangu wanakuja na baba zao. Wewe utakuja?" Ningejibu nini? Nikamwambia tutatengeneza kiti cha dereva kinachocheza pamoja na gari la kwenye kompyuta, ukifunga breki kikuinamishe mbele kama gari la kweli.

Nilitamani mota ya pampu ya maji kwa sababu ni kubwa, kumbe inakimbia tu, kuinua mtu taratibu haiwezi, nikaishia kuchukua ya waipa za lori kwa wauza vyuma chakavu wa Manyamanyama (inazunguka polepole, lakini jaribu kuizuia kwa mkono uone!). Kontrola, kile kifaa cha kuiongoza mota, nikaifuata Musoma. Muuzaji akaniuliza, "Unataka ya kuzungusha tu, au inayojua kiti kimefika wapi?" Nikamwuliza, itajuaje? Akanielekeza: chukua volyumu ya redio, ile ya kuzungusha, iunganishe na kiti kwa mpira, kiti kikiinama nayo inazunguka, kontrola inasoma hapo. Redio zote nilizofungua maishani, sikujua kwamba volyumu inaweza kuwa jicho! Niliporudi nyumbani nilikizungusha kile kidude mpaka chai ikapoa.

Asubuhi ya sherehe, pale pale shuleni, nikagundua ukifunga breki kiti kinalala nyuma badala ya kuinama mbele. Nikageuza nyaya za mota, wa huku ukaenda kule.

"Kaka, tujaribu kwanza," Nyanjura akasema.

"Ni nyaya mbili tu, mama."

Na mgeni rasmi akawa ameshafika, mzee mnene wa suti ya kijivu, na mnajua kwetu kitu hakitumiki mpaka mgeni rasmi akizindue. Akaketi, watu wakapiga makofi, nikawasha.

Kiti kikamwinamisha. Kikaendelea kumwinamisha. (Mota nilikuwa nimeigeuza, volyumu sikuigeuza, kwa hiyo kontrola ikiona kiti kimezidi mbele inakirudisha, na kila ikikirudisha kinakwenda mbele zaidi.) Mzee akawa amewainamia wanafunzi paji la uso likigusa usukani, nao wakadhani anawaamkia, kwa adabu zao wakamwitikia, "Marahabaaa!"

"Zima! We kijana, zima!"

Hapo ndipo mkono wangu wa fundi redio ulipofanya ulichozoea. Kelele zimezidi, nikakimbilia volyumu, nikaishusha mpaka mwisho. Kiti kikaruka kutoka mbele hadi nyuma, mzee akabaki ametazama bati la ukumbi, viatu juu, kimoja kikaenda kutua mezani kwa walimu.

"Kaka, siyo redio hiyo!" Nyanjura akapiga kelele, akachomoa waya ukutani.

Mwalimu mkuu akakishika kile kiatu, akauliza, "Mzazi wa mwanafunzi huyu ni nani?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na kusema kweli niliuangalia. Kisha nikamwona Nyanjura amenikazia macho, waya bado mkononi, anangoja.

"Ni mimi," nikasema, nikanyoosha mkono kama yule mwanafunzi niliyekuwa zamani. "Mzazi wake ni mimi."

Nikapiga magoti, nikamvisha mzee kiatu mbele ya ukumbi mzima. Kiti tunacho hadi leo na kinafanya kazi vizuri, ila nimeapa: nikigusa waya, hata mmoja, mimi ndiye wa kwanza kukikalia, na Nyanjura ndiye anayeshika swichi.