Mtani Aliyelala Kaburini

Chama cha baba mdogo kilizaliwa kwenye uwanja wa mashine ya kukamulia alizeti, mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Watu walikaa juu ya magunia yasiyojaa, na hasira yao haikuwa na pa kwenda. Baba mdogo akaipa njia. Alisema mashamba yetu yamekwisha kwa sababu ya waliohamia, wale wafugaji ambao wazee wao walikuja na ng'ombe kutoka Usukumani. "Mwenyeji kwanza!" alisema, na vijana wakapiga miluzi.

Wilayani walikataa kukisajili, kwani sheria hairuhusu chama cha kabila. Kukataliwa kukakinenepesha. Kikapata kofia, bendera ya rangi ya udongo, na wafuasi kutoka Sepuka hadi Mungaa. Kikapata na makatazo. Usimkodishe mgeni shamba. Usimwoze mgeni binti yako. Mwishowe likaja lililotushangaza hata sisi wa nyumbani: mgeni asikanyage msibani, hata akiwa mtani.

Bibi, mama mzazi wa baba mdogo, alilisikia akiwa anakula. Akaweka chini bakuli la mlenda.

"Na mimi nitazikwa na nani?"

Mtani wake alikuwa bibi wa Kisukuma wa boma la jirani. Walikuwa wakitukanana tangu wote wawili wakiwa maharusi. "Kufa basi nirithi mbuzi," mmoja alikuwa akisema akipita na ndoo ya maji. "Utatangulia wewe, mchoyo," alijibu mwenzake, "nije nilishindilie kaburi lako usitoke." Jioni walikuwa wakileteana maziwa.

Bibi alinishika mkono. "Nisishushwe bila yeye. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Alifariki wakati wa upepo wa baridi. Baba mdogo aliweka vijana wenye kofia njiani, nami nikaenda kumleta mtani. Nilimkuta amekwisha kuvaa, ameketi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Amekufa kweli, au ananitega?" Macho yake yalikuwa mekundu.

Njiani kijana mmoja akatuzuia. "Bibi, mwenyekiti amekataza."

"Mwenyekiti yupi? Yule niliyemkanda tumbo akilia mchango?"

Kijana akaficha kicheko kwa kiganja. Nilimwambia nimemwita mimi, kwa agizo la marehemu, na anayetaka kumzuia aanze na mimi. Hatukusimama.

Makaburini mtani alijifunga kanga ya marehemu, akapinda mgongo, akatembea kama yeye, akiwafokea waombolezaji kwa sauti yake hasa: "Nani kamwaga pumba zangu?" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akashuka kaburini, akajilaza chali.

"Nimewahi. Mtafutieni lake."

"Mtoeni," alisema baba mdogo.

Hakuna aliyesogea. Mtani akilala kaburini haguswi, huombwa. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Mchungaji alifunga kitabu chake, akasubiri. Jeneza lilikuwa juu ya miti iliyolazwa kando ya kaburi, na mimi nilikuwa nimelishika nikiapa moyoni kwamba sitaliachia mpaka agizo la bibi litimie.

"Aniombe mwenye msiba," sauti ilitoka chini.

Baba mdogo akainama. "Bibi, tafadhali toka."

"Bibi yupo sandukuni. Mimi ni nani wako?"

Upepo ulikuwa ukipeperusha udongo. Wafuasi wake wote walikuwa wakimtazama. Akavua kofia.

"Mtani," alisema, "toka tumzike mama."

"Wa nyuma hawajasikia!"

"Mtani!" Mara hii sauti ilimvunjika, akalia kama mtoto. Akampa mkono, akamvuta juu. Bibi yule akajipangusa, akashika kamba pamoja nasi, na ndivyo tulivyomshusha mwenzake.

Chama hakikufa siku hiyo. Lakini mkutano uliofuata, kila baba mdogo alipotamka "mgeni", mtu nyuma aliuliza, "Yupi, mtani?" na uwanja ukaangua kicheko. Watu wakapungua. Bendera zikapauka juani, makatazo yakakosa wa kuyashika. Maneno yale ya "mwenyeji kwanza" bado nayasikia mjini, kwa vinywa vingine, yakisemwa kwa upole zaidi. Nikiyasikia huwa nauliza papo hapo, mbele za watu: na ninyi mtazikwa na nani?