Fundi Cherehani kwa Daktari wa Furaha

Tangu amzike mumewe, fundi cherehani alikuwa akishona huku machozi yanadondokea kitambaa. Wifi yake akampeleka kwa "Daktari wa Furaha", bwana aliyejipachika cheo hicho mwenyewe, mwenye wafuasi kibao kwenye simu na ofisi iliyojaa picha zake.

"Mama, huzuni ni uvivu wa akili," bwana akasema, macho kwenye kamera ya simu iliyokuwa ikimrekodi. "Hebu cheka!"

Fundi akamtazama kuanzia kola hadi pindo. Suti ilikuwa ya kuazima, imepunguzwa kwa pini.

"Kazi hii umeisomea wapi, baba?"

"Nimesomea maisha."

"Basi umefeli. Hata kifungo simpi mtu ashone kama hajajifunza, sembuse kichwa changu?"

Akainuka akatoka, wifi akimfuata kwa aibu, wakaenda moja kwa moja zahanati. Muuguzi wa afya ya akili alikuwa ametundika cheti chake tu. Alifunga mlango, akauliza jina la marehemu, kisha akasikiliza. Fundi akalia weee, na hakuna aliyemwambia acheke.

Wiki iliyofuata alirudi mwenyewe kwa muuguzi, bila kusindikizwa. Yule mjinga wa pini bado anarekodi, na wajinga wenzake bado wanampigia makofi.