Lenzi ya Macro Sio ya Nzi Peke Yake: Nilivyopiga Picha Shosho wa Isinya Aliyekataa Kamera

Wakuu, salamu kutoka Kitengela.

Mimi ni mzee wa kamera, studio yangu iko Noonkopir, na leo nataka kumaliza ubishi mmoja hapa jukwaani. Nitaandika vile ilikuwa. Anayeona nadanganya aje studio, picha iko kwa ukuta, na mwenyewe alikubali iwekwe hapo.

Shule sikuenda mbali. Niliachia darasa la nne. Kamera nilijifunza kwa kuharibu filamu zangu mwenyewe, kwa hivyo sitaki mtu aanze na "lakini mzee, kwa kitabu wanasema". Kitabu sijasoma. Picha nimepiga.

Ubishi ni huu. Wengi humu mnasema macro lens, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ni ya wadudu na maua. Ati ukipiga mtu portrait nayo umepotea.

Sikizeni.

Lenzi yangu ya portrait ilikufa. Motor ya focus ilianza kulia kama panya, halafu kimya. Nikabaki na macro ya 100mm ambayo nilikuwa nimenunua ya kazi ya pete za harusi na bidhaa za wenye maduka.

Jirani yangu wa studio anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma. Kazi anajua, lakini mdomo haufungi. Akaniona naifunga kwa kamera.

"Mzee, leo ni portrait ya nzi?"

"Ni ya mtu."

"Na hiyo? Si utahesabu nywele za pua ya mteja!"

Wateja wake wa passport wote wakacheka. Nikamwambia acheke vizuri, iko siku atakuja kuiazima.

Lakini sitawaficha, macro ni kali. Haisamehe ngozi. Mteja wa kwanza niliyempiga nayo ni mama mmoja landlady hapa kwetu, nikamkaribia sana na flash usoni. Alipoona picha akaniuliza, "Baba Njeri, haya mashimo kwa uso wangu umechimba wewe?"

Nikamweka kando ya dirisha, nikarudi nyuma, nikarudia. Hiyo akaipenda mpaka akaagiza kubwa. Lenzi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwanga na mahali nilisimama.

Sasa kazi yenyewe.

Mama mmoja anaitwa Naserian alikuja studio. Anafanya kazi ya ofisi hapa town, lakini kwao ni ndani ya Isinya. Alitaka portrait ya mama yake. Kwa boma yote hakuna picha ya huyo mama isipokuwa ile ya kitambulisho.

Shida ni kwamba mama alikuwa amekataa kamera.

Kuna mpiga picha mwingine alienda huko kabla yangu. Akampiga, akaenda kwa computer, akatoa kila mkunjo, uso ukang'aa kama sahani. Mama alipoletewa picha akaisongeza karibu na jicho, akauliza, "Huyu msichana ni wa nani?" Hiyo picha, na fremu yake, ikawa ya kufunikia sufuria ya maziwa. Tangu siku hiyo akiona kamera anaingia nyumbani.

"Na macho yanafungika pole pole," Naserian akaniambia. "Daktari alisema moja haiwezi kurudi, na ile ingine inafuata. Nataka aone picha yake akiwa bado anaona."

Nikamwambia hiyo ni kazi yangu.

Tukafika asubuhi. Kamera nikaacha kwa gari. Vijana, hii muishike: kwa boma ya mtu haushuki na kamera shingoni kama mtalii. Unaenda mikono mitupu, unasalimia.

"Takwenya," nikamwambia yule mama.

"Iko," akajibu. Akaniangalia na jicho moja. "Wewe ni Mkikuyu. Kimaa nani alikufundisha?"

"Kitengela, Kokoo. Nimekaa huko tangu kukiwa na swara wengi kuliko watu." Kokoo ndio shosho, yaani nyanya, kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai.

"Umekuja kutafuta ploti?"

"Hapana."

"Basi umekuja na kamera."

Naserian akaangalia chini. Nikasema ukweli. "Niko nayo kwa gari. Ukisema hapana, itakaa huko."

"Hapana."

Sawa. Tukakunywa chai.

Alikuwa amevaa ushanga wa shingo, ule mpana, mweupe na mistari ya nyekundu na bluu. Nikamuuliza nani aliutengeneza. Akasema ni yeye, na ndio wa mwisho kabla ya macho kukataa.

"Mistari ya nje nilishona na vidole tu," akasema. "Sijawahi kuiona."

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema ni mzuri. Si ndio watu huambia mtu asiyeona?"

Wakuu, hapo nikaweka kikombe chini.

"Kokoo, nikikuonyesha hiyo mistari? Sio wewe. Ushanga peke yake."

Akapapasa mistari ya nje na vidole. Halafu akauvua, akaupanguza na shuka, akauweka kwa kiti.

Nikaleta kamera. Nikahamisha kiti kwa kivuli cha nyumba. Ukikaribia na macro, focus inakuwa nyembamba kama karatasi, shanga moja iko sawa na ya nyuma yake imepotea. Kwa hivyo nikafunga aperture, ule mlango wa mwanga, mpaka f/11, kamera kwa tripod, na Naserian akashika shuka kuzuia upepo, maana upepo wa huko hauna adabu.

Picha nikaweka kwa tablet. Nikaivuta mpaka shanga moja ikawa kubwa kama chungwa. Nikampa.

Akaisongeza kwa lile jicho zuri. Nikamwonyesha vile ya kusukuma na kidole. Akaanza kufuata mstari, moja baada ya ingine, mdomo ukienda bila sauti. Chai yake ikapoa.

Ghafla akasimama. Akagonga kioo na ukucha.

"Hii ni nini?"

Kati ya nyeupe kulikuwa na moja imejiingiza.

"Hiyo ni ya bluu, Kokoo."

"Naona ni ya bluu!"

Akamgeukia Naserian na Kimaa ya haraka, na Naserian akacheka mpaka akashika ukuta. "Anasema amevaa hiyo makosa kanisani wakati huu wote, na sisi wote tuko na macho, hakuna mtu alimwambia."

Mimi na tabia ya studio nikasema, "Naweza kuitoa kwa computer. Iwe nyeupe kama zingine."

Akaniangalia kama amenishika nikifungua zizi lake.

"Uitoe kwa nini? Niliiweka mimi."

Akavaa ushanga. Akavuta kiti mwenyewe, akakaa, mgongo ukanyooka.

"Sasa piga. Na hii," akapitisha mkono kwa mashavu, "hii pia usitoe."

Sikubadilisha lenzi. Nilirudi nyuma, nikaweka switch ya focus ile ya mbali ili lenzi isianze kutafuta-tafuta mbele na nyuma, nikafungua mpaka f/4, nikashika focus kwa lile jicho linaloona. Kivuli laini, hakuna flash. Nyuma yake uwanda ukayeyuka wote ukawa rangi tu.

Nikampa tablet. Mara hii hakungoja kufundishwa. Akavuta picha mwenyewe, akapita kwa paji la uso, kwa mikunjo ya jicho, akashuka mpaka kwa ile shanga ya bluu, akarudi juu tena.

"Enhe," akasema. "Huyu namjua."

Naserian alienda nyuma ya nyumba. Sikumfuata.

Saa hii kopi moja imetundikwa kwa nyumba yao, na naambiwa mgeni akiingia anaonyeshwa shanga ya bluu kwanza, halafu ndio anapewa kiti.

Sasa somo, na nalisema kama mtu ameona. Macro ni lenzi ya portrait, tena kali. Piga nayo watu, chakula, masikio ya mbuzi, milima ya Ngong ukitaka. Lakini inaonyesha kile kiko. Kwa hivyo mwanga uwe laini, simama mbali kidogo, na muulize mwenye uso kama anataka kuonekana vile alivyo. Hiyo ya mwisho haiuzwi na kamera.

Wenye macro huko ndani ya kabati, semeni hapa chini mnaitumia aje. Wenye kupinga pia karibuni, lakini leteni picha, sio maneno.

Wafula aliona hiyo print ikikauka studio. Akaisogelea, akafuata mistari ya ushanga na macho mpaka akafika kwa ile ya bluu.

Halafu akaniuliza, "Mzee, hiyo lenzi kesho uko na kazi nayo?"